Sikio Lenye Namba

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa meno pale mjini Mpanda. Jino la mbele lilinivunjikia kwenye mfupa wa mbuzi, kwa ulafi wangu mwenyewe. Daktari alikoroga unga fulani kwa maji ukawa kama ugali wa rangi ya waridi, akaujaza kwenye kibati, akanisukumia mdomoni ili achukue umbo la meno. Akaniambia nitulie. Nikatulia kidogo, kisha machozi yakaanza kunitoka, na wala hakuna kilichokuwa kinauma. Kijana wa watu akadhani kaniumiza, akaanza kuniomba radhi. Ningemwelezaje? Mdomo ulikuwa umejaa, na hata ungekuwa wazi, ningeanzia wapi kumwambia kwamba harufu ya dawa yake imenirudisha utotoni, nimeshikwa kichwa na baba yangu, najazwa kitu kama hicho sikioni?

Sikuzaliwa hivi nilivyo. Niliugua homa nikiwa nimeshaanza kusema maneno, homa ile nusura inizike, na ilipoondoka iliondoka na sauti za watu. Radi niliisikia. Ng'ombe akilia karibu yangu nilimsikia. Lakini mtu akisema, mpaka asimame mbele yangu na kunifokea, na hapo bado nilipata mngurumo tu, maneno nikayaokota midomoni mwake.

Nyumbani kwetu ni Kakese. Baba alihamia huko na ng'ombe wake akitokea upande wa Shinyanga kabla sijazaliwa, akalima mpunga, akajenga. Kisukuma changu chote nilijifunza kwa macho, nimekaa mbele ya mama jikoni, uso kwa uso. Alichosema akiwa amegeuka kwangu hakikuwepo duniani. Na nilijifunza jambo jingine ambalo kila asiyesikia analijua: kuitikia kwa kichwa. Mtu akimaliza kusema utamwona tu, midomo inafunga, macho yanakusubiri. Hapo unaitikia kwamba ndiyo. Ndiyo inawaridhisha wote. Ukikataa utaulizwa kwa nini, na huo ndio mwanzo wa matatizo. Nimewahi kuitikia nikaambulia viboko. Nimewahi kuitikia nikaletewa maziwa ya mgando ambayo siyapendi hadi leo. Siku moja niliitikia nikajikuta nimefungwa mtoto wa jirani mgongoni mchana kutwa. Lakini sikuacha.

Sasa niwaambie habari za ndama, maana bila ndama hamtanielewa. Kila msimu ndama wapya wa baba walikatwa masikio. Kila mfugaji ana mkato wake. Wa baba ulikuwa pembe ndogo upande wa chini wa sikio la kushoto, na ng'ombe akipotea machungani watu hutazama sikio wakajua wa nani. Aliyenunuliwa kwa mtu alikatwa upya, alama ya bwana mpya. Mmoja anashika kichwa kwa nguvu, mwingine anafanya kazi yake sikioni, mnyama anaachiwa. Nilitazama shughuli ile mara nyingi nimepanda juu ya ua. Tena baba, kama Wasukuma wengi, hakupenda ng'ombe wake wote walale zizi moja, ugonjwa usije ukawamaliza kwa mpigo. Wengine aliwapeleka kukaa kwa rafiki zake. Huko wanachungwa, wanazaa, na maziwa anakunywa huyo anayewatunza. Ng'ombe wa namna hiyo sikumwona akirudi nyumbani kulala.

Nilianza shule palepale Kakese. Nikakaa nyuma, kwa kuwa nilikuwa mrefu, nikasoma migongo ya wenzangu. Halafu habari zikafika kwamba kuna shule mjini imeletewa vifaa vya watoto wasiosikia, na mtaalamu wa masikio atakuja. Baba akanipakia kwenye baiskeli.

Mtaalamu alikuwa mzee mnene mwenye taa kichwani. Akachungulia masikio yangu, akamwambia baba kitu. Baba akavua kofia, akasimama nyuma yangu, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Aliikaza ile mikono, naijua nguvu yake. Mtaalamu akafinyanga donge laini la waridi, akalijaza sikioni, kwanza la kushoto. Lilikuwa la baridi, lenye harufu ya mpira mpya na dawa, na hata ule mngurumo mdogo niliokuwa nao duniani ukazimika. Nikaona midomo inacheza, kimya kabisa. Sikulia. Ndama wa baba nao hawakulia sana.

Tulirudi baada ya wiki kadhaa. Lile donge sasa lilikuwa limekuwa kitu kigumu kinachong'aa, kimefanana na tundu la sikio langu, kina kifaa kidogo cha kuning'inia nyuma ya sikio. Wao wanakiita shimesikio. Ubavuni kulikuwa na namba. Mtaalamu akamwonyesha baba ile namba kwa kidole, na baba akainama akaitazama kwa makini, akanigeuza kichwa akatazama na sikio lenyewe, akaridhika. Nilimjua baba akitazama sikio namna ile. Kisha akafungua mzigo wa baiskeli akatoa jogoo na mfuko wa mchele, akamkabidhi mwalimu mmoja mwanamke mrefu aliyevaa ushungi. Wakaongea. Baba akanigusa utosini, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Leo najua kwamba Kakese ni mbali kwa mtoto kwenda na kurudi kila siku, na kwamba Mwalimu Rehema, aliyefundishwa kutumia vifaa vile, alijitolea nilale kwake. Lilikuwa jambo la wema mtupu. Pengine hata waliniambia. Pengine niliitikia. Lakini mimi nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba nimeshikwa kichwa, nimetiwa alama sikioni, nimekabidhiwa. Nikasimama pale uani nikitazama vumbi la baiskeli mpaka likatua.

Kile kifaa kilifanya kazi hivi: mimi navaa shimesikio, mwalimu anavaa kipaza sauti kidogo shingoni, watoto tulikiita maiki, na sauti yake inatoka pale moja kwa moja mpaka ndani ya sikio langu, haipotelei njiani. Sitadanganya. Siku ya kwanza nilifurahi. Kumbe maneno yana mwisho! Kumbe kuna ile sauti ya "s" kama maji juu ya moto! Kiswahili, ambacho nilikuwa nakijua vipande vipande, kikaanza kuniingia kama mtu anayehamia nyumba mpya, kila siku na chombo chake. Kabla msimu wa mvua haujaisha nilikuwa nasoma kuliko wengi walionizidi umri. Mwalimu Rehema alinipenda kwa hilo, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Lakini furaha haikukaa. Ninyi mliosoma na masikio yenu hamjui mlivyokuwa huru. Mwalimu akiwachosha, mlitazama dirishani, sauti yake ikawa mbali, mkaanza kuwaza wali wa mchana. Mimi sauti ilikuwa ndani. Akinigeuzia mgongo aandike ubaoni, nipo naye. Akienda nyuma kabisa ya darasa kumchapa mtu, nipo naye. Akikohoa, akimeza mate, akishusha pumzi kwa uchovu, vyote vyangu. Tena ilikuwa sauti yake peke yake. Neema, niliyekaa naye dawati moja mpaka viwiko vikagusana, akinong'ona jambo nilimwona midomo inacheza, ila sauti niliyopata ni ya mwalimu akisema saba mara nane. Darasa likicheka, mimi nilicheka wa mwisho, na sikujua tunacheka nini. Nilikuwa katikati ya watoto sitini na nilikuwa peke yangu na mtu mzima mmoja.

Siku moja niliomba kwenda chooni. Nikatoka na shimesikio yangu sikioni, na mwalimu akaja nami. Nikapita mlingoti wa bendera, anaeleza habari za mito ya Tanzania. Nikapita jiko la uji, bado anaeleza. Nikaingia chooni, nikachuchumaa, Mto Rufiji huo. Nikatoka nikazunguka nyuma, kwenye ukuta, na pale ndipo sauti ilipoanza kukwaruza, ikakatika, ikarudi, ikakatika kabisa. Nikasimama. Nikapiga hatua moja kurudi, ikanidaka. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: hapa ndipo kamba yangu inapoishia. Ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi naye hula majani mpaka kamba inapokaza, kisha hulala palepale. Nikakaa nyuma ya choo, kwenye harufu yake, kwa sababu ndiyo sehemu pekee shuleni ambapo kichwa changu kilikuwa changu. Neema akatumwa kunifuata. Nilipoingia darasani mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, na bila kugeuka akasema sikioni mwangu, "Karibu, Kabula." Mtu mwenye akili angesema kaona kivuli changu mlangoni. Mimi nilisema ananiona kwa kupitia namba.

Mchana masomo yakiisha, mwalimu alinivua vifaa, akavifungia kabatini pamoja na chaki, akatia kufuli. Vilikuwa vya mradi, vinatakiwa vichajiwe, na vikipotea hakuna vingine. Kwa hiyo kusikia kwangu kulilala kabatini. Nilisikia nilipofundishwa tu. Nje, wakati wa kuruka kamba na kucheza rede, nilikuwa kiziwi yuleyule wa Kakese. Umeme ulipokatika usiku kucha, na Mpanda ya wakati ule ilikatiwa umeme si mchezo, chaji iliisha kabla ya uji, na mwalimu akasikitika sana. Mimi nilikuwa naomba Mungu umeme ukatike.

Mwalimu Rehema aliishi Makanyagio, nyumba yenye duka mbele, la mume wake, wanauza mchele, sabuni na mafuta ya kupimwa. Nilifagia, niliosha vyombo, nilichota maji bombani. Hakuna mtoto wa rika letu ambaye hakufanya hayo, tena nyumbani kwetu nilikuwa nafanya mara tatu yake. Ila kwa akili zangu za wakati ule, kila sahani niliyoosha ilikuwa maziwa yanayokamuliwa. Nilikuwa nakamuliwa na mwenye kunitunza, kama ilivyo desturi. Nikapungua mwili. Nikaacha kucheka hata kule kucheka kwa mwisho.

Mwalimu aliona. Jioni moja alinikalisha kwenye kiti cha dukani, akanishika kidevu nimtazame midomo.

"Kabula, nitazame mimi. Una nini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wee mtoto! Nakuuliza una nini, unanijibu ndiyo. Ndiyo ya nini?"

Nikaitikia tena. Mume wake akacheka huko nyuma ya mizani mpaka akajishika tumbo. Mwalimu akajizuia, naye akacheka, akanivuta kifuani. Kisha akanitazamisha tena.

"Sikiliza. Usijione mgeni. Hapa ni kwenu. Umesikia? Kwenu kabisa."

Hiyo niliielewa yote, neno kwa neno. Usiku ule sikula.

Neema peke yake ndiye niliyemwambia. Alikuwa na midomo mizuri, mipana, inayosomeka kama ubao, na alizoea kunisemesha akiwa amechuchumaa mbele yangu. Akaniuliza kwa nini siku hizi sitaki kucheza. Nikamwambia mimi si wa Kakese tena, ni wa mwalimu.

"Nani kasema?"

Nikamwonyesha sikio. Nikamweleza habari za ndama. Neema akafikiri, akavuta ndewe ya sikio lake lililokuwa na kijiti cha ufagio.

"Mbona mimi nimetobolewa na mama Sikujua, jirani yetu, na silali kwake?"

"Lako halina namba," nikamwambia.

Tangu siku ile akawa ananiachia kipande cha muhogo wake kila mapumziko, kama mtu anayempelekea mfungwa chakula.

Mvua zikaisha, barabara zikakauka. Asubuhi moja, somo la pili, kivuli kikaingia mlangoni mwa darasa, na nilipoinua macho nikaona viatu vya matairi, halafu fimbo, halafu kofia ya baba.

Nasema ukweli, niliona jua limeingia ndani. Lakini sikusogea. Mnyama wa bwana mpya hamkimbilii bwana wa zamani.

Mwalimu Rehema alifurahi kuliko hata mimi. Kwa muda mrefu alikuwa anataka mzazi wangu aone kazi yake. Akasalimiana na baba, akaanza kumwelekeza, na maneno yake yote niliyapata sikioni, safi.

"Karibu, baba Kabula! Umekuja wakati mzuri. Mwanao siku hizi anasikia kila kitu, huwezi kuamini. Hebu njoo uongee naye mwenyewe. Shika hii."

Akavua maiki shingoni, akampa.

Baba hakuwa mtu wa shule. Maiki alizoziona maishani ni zile za mnadani, dalali anazishika ngumi nzima na kuzibana mdomoni ili asikike hadi ng'ambo ya zizi. Basi naye akafanya hivyo hivyo. Nami nikatoka kwenye dawati nikapiga magoti mbele yake, macho chini, kama binti wa Kisukuma anavyomwamkia baba yake. Nyumbani nilikuwa naiba, nainua kidevu ili nione midomo, na wote walinisamehe. Pale mbele ya darasa zima na mwalimu, niliona aibu kumvunjia heshima. Nikatazama vidole vyake vya miguu, vyenye tope lililokauka.

Kwanza ilikuja pumzi. Pumzi ya baba, ndani ya kichwa changu. Kisha sauti.

Sikuwahi kuisikia sauti ya baba yangu tangu ile homa. Ilikuwa nene, imekwaruza, imekaribia mno, maneno yamegongana yakapasuka kama magunia yanayotupwa kutoka juu ya lori. Ilikuwa Kisukuma, hilo nililijua. Lakini Kisukuma nilikijua kwa macho tu! Masikio yangu yalikuwa yamefundishwa Kiswahili cha Mwalimu Rehema, na lugha ya mama yangu ikipita masikioni sikuitambua. Nikajikaza, nikainua uso nimtazame midomo. Ngumi ilikuwa imeifunika yote. Niliona macho tu juu ya ngumi, na macho yale yalikuwa yanasubiri.

Akasema tena. Safari hii kwa kifupi. Mwalimu, ambaye Kisukuma hakijui hata kidogo, ametabasamu mikono imefumbatwa. Macho ya baba yakasubiri.

Nikaitikia kwa kichwa. Na nilipoona bado anasubiri, nikaitikia tena, kwa nguvu.

Baba akashusha maiki. Akanitazama muda, na sikuweza kuusoma uso wake, mimi niliyekuwa naishi kwa kusoma nyuso. Akairudisha maiki kwa mikono miwili, kwa heshima, na sasa midomo ilikuwa wazi, nikamsoma akimwambia mwalimu kwa Kiswahili, "Sawa, mwalimu. Nimemsikia." Akaokota fimbo yake, akatoka. Mwalimu akajivisha maiki, na sauti yake ikarudi mahali pake ndani yangu. "Haya, tuendelee. Kabula, kaa chini." Nikakaa chini.

Likizo ilipofika nilipelekwa nyumbani kweli, na hapo ndipo nilipothibitisha. Nilitengewa kigoda. Nilichinjiwa kuku. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliisubiri hiyo siku ya tatu kwa hamu, nikaamka mapema, nikasimama karibu na majembe ili wanione. Hakuna aliyenipa. Dada zangu wakaenda mashambani wakaniacha nimekaa. Mama alikuwa ananitazama kwa pembeni na kufuta macho kwa kanga. Baba alipita akaniitikia salamu kama anavyowaitikia watu wa mjini, kwa adabu. Wote walikuwa wema kwangu, na nilirudi Makanyagio nimekata tamaa kabisa.

Akili zinakuja zenyewe. Nilipofika darasa la nne nilishajua kwamba mtoto hawekwi kwa watu kama ng'ombe, na niliweza hata kuwachekesha wenzangu kwa kisa hicho. Nilimaliza la saba palepale, nikaenda sekondari, nikasoma kazi ya maabara, ambako hadubini haina maneno mengi. Leo nina shimesikio zangu mwenyewe na sifungiwi kabatini na mtu. Ila jambo moja halikwisha: ile adabu ya baba. Miaka yote hakuwahi kunituma kitu, hakunikaripia, hakunitania kama anavyowatania dada zangu. Nikajiambia labda ni kwa sababu sisikii. Niliizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Basi baada ya lile jino nilikwenda Kakese kupumzika. Tulikaa na mama uani, tunachagua mchele, nikamsimulia jinsi nilivyomtisha daktari wa watu kwa kulia kwangu, harufu ikinikumbusha nilivyowekwa kwa mwalimu. Mama akacheka sana. Halafu akaacha kucheka, akaendelea kuchagua.

"Si ulipenda mwenyewe kukaa huko," akasema.

"Nilipenda lini?"

"Kabula. Baba yako alikuja kukuchukua."

Nikaweka ungo chini.

Ndipo akaniambia. Kuna mtu wa kwetu alikuwa ameniona sokoni mjini, akapeleka habari kwamba mtoto amekonda na hacheki. Mama hakulala. Baba akasema kesho yake anakwenda, na ataniuliza mimi mwenyewe, kwa kuwa sasa nasikia; nikitaka kurudi narudi, shule hata Kakese ipo. Asubuhi alichukua blanketi lake, lile zuri, akalikunja akalifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, njia ni ndefu, nisije nikaumia.

"Akarudi blanketi limefungwa vile vile," mama akasema. "Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema, nimemuuliza mara mbili mbele ya watu wote, unataka kubaki hapa kwa mwalimu? Mara mbili amekubali. Akaniambia, mwanao kanikataa. Akakataza usipewe jembe. Alisema aliyechagua kwingine hatumikishwi."

Sijui niwaambieje nilivyojisikia. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba na ile ngumi yake, nikamkasirikia Mwalimu Rehema na tabasamu lake, nikalikasirikia hata goti langu lililopigwa chini. Na katikati ya hasira nilijua pia kwamba ningemsikia siku ile, ningesema sitaki, ningerudi juu ya blanketi, na leo nisingekuwa na hadubini wala haya ninayoyaandika. Watu wataniambia nishukuru. Sitaki. Mtu hashukuru mlango kwa sababu ulijifunga upande wenye chakula.

Jioni nilimfuata baba zizini. Amezeeka, anatembea akipima ardhi kwa fimbo. Nikavuta gogo nikakaa mbele yake kabisa, nikainua uso bila kuona aibu, nimsome vizuri.

"Baba," nikamwambia. "Siku ile ya maiki, darasani. Sikusikia ulichoniuliza."

Akanitazama.

"Hukusikia?"

"Sikusikia. Ulifunika mdomo. Niliitikia tu."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Ng'ombe walikuwa wanaingia, na akawaacha waingie bila kuwatazama, yeye ambaye hajawahi kuacha kuwatazama. Alikaa hivyo mpaka wa mwisho akapita. Kisha akasema polepole, akiniita mama kwa Kisukuma, midomo wazi, ili nisikose hata neno:

"Mayu, mimi sikuondoka. Nilikaa pale nje ya geti mpaka mchana, nimeishika baiskeli. Nilijua utatoka."